Nani Alisawazisha Miguu ya Mwalimu

Karakana ya Viatu ya Baba,
Chumba cha nyuma.

Jumamosi, tarehe 14 Juni.
Asubuhi: manyunyu mpaka saa tatu, kisha mawingu bila mvua. Ngozi niliyoanika jana haijakauka.

Mpendwa mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mtoto mdogo kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anaendelea vizuri. Jicho lililopasuliwa limetulia kabisa. Juzi aliisoma kalenda ya ukutani akiwa kitandani, akaniambia nimesahau kugeuza mwezi. Ukisikia Mama anakosoa kalenda, ujue amepona.

Nimeanza na hali kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa salamu zimekwisha, kaa kitako. Nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hii ni mali yako. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu huwa unaanza kucheka, ukicheka na mimi nacheka, na jambo linapita hivyo hivyo. Hili sitaki lipite. Tena limegusa viatu nilivyokutumia mwezi wa Mei, na hayo nitayafikia.

Utakumbuka ni wewe uliyeniambia nimchukue msaidizi wa mtandaoni. Shajara iko mbele yangu. Jumapili, tarehe 16 Machi, ulinipigia saa kumi jioni tukaongea dakika arobaini. Ulisema najichosha, napokea simu na gundi mikononi, mteja ananiandikia asubuhi namjibu usiku. Hayo yalikuwa kweli. Nikakwambia sina uwezo wa kumlipa mtu wa kukaa mezani kutwa nzima. Ukasema, "Dada, siku hizi huajiri mtu, unaajiri saa zake." Ukamtafuta mwenyewe: mwanamke anayefanya kazi akiwa nyumbani kwake, nchi nyingine kabisa, saa kumi kwa wiki, kwa malipo ambayo hata mimi na mkono wangu wa birika sikuweza kuyakataa. Sijawahi kumwona uso. Mimi namwita Msaidizi. Yeye ananiita Dada Soli, kwa kuwa wewe ulimtajia jina langu la utotoni bila hata kuniomba ruhusa.

Sikatai, mwanzoni alinifaa sana. Alianza tarehe 7 Aprili, na kufika Ijumaa hakukuwa na ujumbe hata mmoja wa mteja uliolala bila jibu. Nikalala mapema siku tatu mfululizo. Nimeziandika.

Kisha ukaja na la pili. Daftari la Baba. "Dada, likilowa je? Likiungua je?" Basi nikalipiga picha kurasa zote, wateja mia mbili na kumi na wanne, nikamtumia Msaidizi aziingize kwenye jedwali. Kila mteja na vipimo vyake kama Baba alivyoviandika kwa penseli: urefu, upana na unene wa soli, mguu wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake. Tangu hapo mteja wa zamani hana haja ya kufika. Anaandika ujumbe, Msaidizi anatazama jedwali, anatuma karatasi ya kazi, fundi anakata. Ukasema hiyo sasa ndiyo biashara. Na mimi nikafurahi kama mjinga.

Sasa nije kwa Mwalimu. Unamkumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia mkoba akija kupimwa. Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu utotoni. Alianza kuja kwa Baba akiwa bado anasomea ualimu, na keshokutwa Jumatatu anakabidhiwa shule, anakuwa mwalimu mkuu. Tarehe 26 Mei aliagiza viatu vyeusi vya kufunga kamba, na kwenye ujumbe wake akaongeza sentensi moja ambayo Msaidizi aliniletea kama ilivyo: "Siku hiyo nataka kusimama mbele ya shule bila mkongojo."

Viatu vilimalizika Jumatano. Mimi nilikuwa kliniki ya macho na Mama, maana kuna mtoto wake mmoja tu aliyeko karibu. Fundi akavifunga vizuri, mwenye pikipiki akavipeleka.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nafungua mlango. Mwalimu akaingia, mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine mfuko. Hakusalimia. Akavitoa viatu akavipanga mezani, vidole vikiwa vimenielekea mimi. Soli mbili zimelingana. Sentimita mbili kulia, sentimita mbili kushoto. Kwenye daftari la Baba kushoto ni tano.

"Nimevivaa nikashuka ngazi za nyumbani," akasema. "Ziko tatu. Ya tatu sikuifikia kwa mguu."

Kiwiko chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nikaanza kubwabwaja, pole sana, samahani, ni jedwali, ni mambo ya mtandao. Akainua kidole nikanyamaza kama mtoto wa darasa la pili.

"Baba yako alikuwa akinisimamisha kwenye karatasi kila mwaka," akasema. "Wewe umenisimamisha lini?"

Unajua alivyokuwa anafanya Baba. Karatasi kubwa ya kaki sakafuni, mtu anavua viatu na kusimama na uzito wake wote, Baba anapiga magoti, penseli wima, anauzunguka mguu mmoja, kisha wa pili. Hata mteja wa miaka kumi. Sisi wawili tuliona ni ukaidi wa mzee. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia, "Baba, miguu ya watu wazima haikui."

Mwalimu alipokaa kupumzika nikamgeukia fundi. Huyu ni yule mpya wa Januari, aliyekuja baada ya fundi wa Baba kustaafu. Tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Nikamtolea uvivu mbele ya Mwalimu, jambo ambalo sasa naliona aibu.

"Wewe ni fundi wa aina gani, unaunda soli bila kuuliza?"

"Bosi, karatasi imesema mbili na mbili."

"Na macho yako je?"

"Macho yangu mguu wa Mwalimu yameuonea wapi? Kaja kwa simu, viatu vimeondoka kwa pikipiki. Siku hizi humu haiingii miguu, zinaingia namba tu."

Nikamwambia afunge mdomo. Unafikiri aliufunga? "Na mshahara wangu usiguswe," akasema, "maana karatasi ninayo." Akaitoa mfuko wa nyuma, imekunjwa mara nne. Ni kweli. Mbili na mbili.

Nikafungua jedwali upande mmoja na daftari upande mwingine, nikapita mstari kwa mstari. Kufika saa saba nilikuwa nimehesabu watu thelathini na saba ambao Baba aliwaandikia kulia na kushoto tofauti, na wote, thelathini na saba, jedwali limewasawazisha. Yule dereva aliyekatwa vidole viwili amerudishiwa vidole vyake. Yule mama wa duka la vitambaa mwenye mguu uliovimba, uvimbe umekwisha. Ungedhani tumefungua hospitali ya miujiza.

Nikamwandikia Msaidizi. Nilichoandika siwezi kukirudia hapa, kwa kuwa Mama sasa anaona na barua hii iko mezani. Nilimaliza kwa kumwambia asiniandikie tena. Akajibu: "Nimeelewa, Dada." Basi. Hata kujitetea hakujitetea, na hilo likanichefua zaidi. Nikasema, ameshikwa.

Nataka uone kwa macho yako huyo mtu uliyenichagulia ametufanyia nini, kwa maneno yake mwenyewe. Ngoja niweke kalamu nichukue simu, nikunakilie.

Nimerudi. Imepita nusu saa. Ningeweza kuchana kurasa hizi na kuanza upya, lakini mimi sichani karatasi, unanijua. Yaliyoandikwa yabaki.

Huu ndio ujumbe wake, Jumatano, tarehe 23 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi: "Dada Soli, pole na uuguzi. Nimemaliza daftari lote. Watu thelathini na saba wana vipimo tofauti, kulia na kushoto. Mimi kazi ya viatu siijui. Je, aliyeandika alikosea, au ndivyo miguu yao ilivyo? Nisawazishe au niache?"

Na hili jibu langu, saa nne na dakika kumi na mbili: "Makosa rekebisha mwenyewe. Usiniulize kila kitu, saa zinakwenda."

Tarehe 23 Aprili ndiyo siku Mama alipopasuliwa. Nilikuwa kwenye benchi la korido, begi lake mapajani, naukodolea macho mlango. Shajara ya siku ile inasema: "Mama ameingia saa tatu, ametoka saa nne na nusu. Msaidizi anauliza uliza. Nimemjibu." Nimemjibu! Nakumbuka sasa kwamba nilisoma mpaka "nimemaliza daftari lote," nikafurahi, nikarusha jibu. Mtu asiyejua viatu aliuliza swali lenyewe hasa, na mtu aliyezaliwa juu ya mabaki ya ngozi hakulisoma.

Na hayo maneno "saa zinakwenda" niliyatoa wapi? Geuza uso ukitaka, lakini nimeyaandika pia, tarehe 13 Aprili: "Kisigino anasema nisimpotezee Msaidizi saa kwa maswali, kila swali nalilipia mimi." Basi tukabana matumizi. Tuliokoa dakika mbili, dada na kaka wenye akili zao. Tumezilipia kwa ngozi, kwa siku tatu za kazi na kwa kiwiko cha mtu.

Sijui hata nimkasirikie nani sasa. Nilikuwa nimeipanga vizuri hasira yangu, kila mtu na fungu lake, na fungu la Msaidizi limebaki mikononi mwangu halina mwenyewe. Nimelichukua mimi.

Lakini usishushe pumzi. Lako liko pale pale, tena limeongezeka.

Viatu vya kwanza kabisa kukatwa kwa jedwali havikuwa vya Mwalimu. Vilikuwa vyako, vile vya kahawia, nilivyokufungia kwenye kifurushi tarehe 5 Mei pamoja na picha ya Mama. Na wewe umo kwenye wale thelathini na saba. Tangu utotoni mguu wako wa kulia umeupita wa kushoto, wala si kidogo. Tarehe 16 Mei ukaniandikia: "Dada, vimenikaa barabara, asante sana." Nikayanakili kwenye shajara kwa furaha, nikachora na mstari chini yake.

Leo mchana Mama anakunywa chai yake, ananiambia kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kisigino anasema vile viatu vinamuua kidole gumba cha kulia. Aliniomba nisikwambie, eti utahuzunika."

Utahuzunika! Ulijua tangu katikati ya Mei. Ungeniambia tu, "Dada, kulia kunabana," ningecheka, ningechukua daftari, ningetazama jedwali, na ndani ya dakika tano ningelikamata kosa, siku kumi nzima kabla Mwalimu hajaagiza. Badala yake ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukavaa viatu, ukauma meno, ukaenda kazini unachechemea kwa heshima. Na heshima yako hiyo imemwangusha mwanamke mzima kwenye ngazi za nyumbani kwake. Mgeni wa nchi nyingine aliuliza. Ndugu yangu wa tumbo moja akasema vimemkaa barabara.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia tangu mstari wa kwanza, na sasa nimelisema.

Nikumalizie habari ya Mwalimu, usije ukabaki na roho juu. Alhamisi ile ile nilitandika karatasi ya kaki sakafuni, nikapiga magoti, nikampima upya kama Baba, na vipande vya soli chini ya mguu wa kushoto mpaka mabega yakalingana. Na unajua nini? Kushoto si tano tena. Ni nne na nusu. Kipimo cha mwisho cha Baba kilikuwa cha miaka sita iliyopita. Kwa hiyo hata jedwali lingenakiliwa bila kugusa namba moja, Mwalimu angesimama mbele ya shule amepinda. Nilibaki pale chini na penseli mkononi kwa muda, mpaka akaniuliza kama magoti yangu yamekwama.

Mimi na Kimya tumefanya kazi jana na leo. Leo saa kumi na moja jioni amekuja kuvijaribu. Akafunga kamba mwenyewe, akauegemeza mkongojo mezani, akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Bega halikushuka. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza. Mwalimu hakunisifu wala hakutabasamu. Alisema, "Mwakani mwezi kama huu, karatasi iwe tayari," akauchukua mkongojo wake akaubana kwapani kama mwavuli siku isiyo na mvua, akatoka.

Wamebaki thelathini na watano, bila wewe na yeye. Kila mmoja itabidi aje asimame kwenye karatasi kabla hajakatiwa hata kamba. Siwezi kuwaita wote mwenyewe na gundi mikononi. Tutarudi kule kule kwa Machi. Mtu pekee mwenye nafasi na orodha yao ni yule niliyemfukuza. Kwa hiyo kabla sijarudi kuendelea na ukurasa huu nimemwandikia. Nimemwambia kosa ni langu, nimempa na tarehe na saa, ili asidhani nampoza. Nimemwomba arudi. Nimemwambia saa za maswali zihesabiwe kama kazi nyingine yoyote, nitazilipa. Pesa za rangi ya kibao cha mlangoni zitakwenda huko, kibao kitangoja mwaka mwingine, wateja wanaujua mlango. Mpaka sasa hajajibu, na akikataa sitamlaumu.

Sasa wewe. Usinitumie pesa, na kwa ajili ya Mungu usinitumie ushauri. Nataka kitu kimoja. Chukua karatasi kubwa, itandike sakafuni, vua viatu na soksi, usimame. Usikae, husikii? Simama na uzito wako wote. Wifi apige magoti, penseli wima, auzunguke mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kunja, tia kwenye bahasha, nitumie. Pembeni uandike panapouma, kwa maneno yako, bila adabu hata kidogo.

Baba alikuwa akisema mguu wako wa kulia ulirefuka kwa haraka ya kuondoka nyumbani. Mimi nikaja nikaufupisha kwa jedwali. Nitautengenezea kiatu chake, urefu wake wote.

Msalimie sana wifi, umwambie pole kwa kazi ya magoti. Wasalimie watoto, nao wasimame kwenye karatasi, shangazi yao anataka kuona miguu ilipofikia. Kimya anakusalimu, anasema hakujui ila mguu wako anauomba radhi. Mama anakusalimu na anakuombea. Anasema hakukuahidi kutunza siri, alikaa kimya tu ukajidanganya mwenyewe.

Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe riziki isiyokubana popote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Soli.

Tena: Saa tano na dakika kumi usiku. Nilikuwa nafunga bahasha, Msaidizi amejibu. Anarudi Jumatatu. Anauliza: wale thelathini na watano waje siku moja au kwa zamu, na wasioweza kutembea mpaka karakana wafuatwe na nani? Nimeusoma ujumbe wote mpaka mwisho, mara mbili. Nimemjibu: kwa zamu, wanne kwa siku, na wasioweza nitawafuata mimi na karatasi yangu. Sasa ni saa sita kasorobo, nakwenda kulala.